Kunguru na Bizimu ya Shaba

Kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa kawaida. Kwa mtu anayetembea na Kunguru ni karibu saa nzima.

"Twende," dada yake alisema kwa mara ya nne siku hiyo, akiwa amesimama kando ya barabara, mkoba begani. "Mama anatungoja."

"Nakuja, Dada. Kidogo tu."

Kunguru alikuwa amechuchumaa mbele ya gereji, akichokoa mchanga kwa kijiti. Akatoa kipande cha kioo chekundu cha taa ya gari, akakipangusa kwa sketi ya shule, akakiinua juani huku amefumba jicho moja. Aliporidhika akakitia mfukoni, mlimokuwa tayari na spoki ya baiskeli, kifuniko cha kalamu na nusu ya kitana.

Kunguru halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watu wa mtaani walimbandika jina hilo kwa sababu hakuweza kupita kitu kinachong'aa bila kukiokota, naye alilizoea mpaka mwalimu akimwita kwa jina lake halisi alichelewa kuitika. Alikuwa na miaka tisa. Dada yake, aliyekuwa darasa la sita, naye alikuwa na jina la kubandikwa, ila lake lilikuwa la heshima. Aliitwa Rula, kwa kuwa aliweza kuchora mstari ulionyooka bila kushika kifaa chochote. Mchoro wake wa mtungi ulitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ukihitajika mchoro wa moyo wa binadamu ubaoni, hata darasa la saba walimwita yeye. Shule nzima ilijua kuwa katika kuchora Rula hana mpinzani, na Rula mwenyewe alijua zaidi ya shule nzima.

Nyumbani, chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mama yao, fundi cherehani. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na alionekana mara moja kwa mwezi, hivyo mlio wa cherehani ndio uliowapokea kila alasiri. Rula alifagia vipande vya vitambaa, Kunguru akachagua alivyovipenda kabla havijatupwa, kisha wote wakala na kufanya kazi za shule.

Mambo yalianza kubadilika alipohamia jirani mpya uani. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, aliyepanga chumba kilichokuwa cha kutengenezea baiskeli. Siku ya kwanza tu alishusha magunia kumi na mawili. Watu walisogea kuona mali, wakakuta vifuniko vya soda, funguo zisizo na makufuli, mabomba yaliyokatika, redio zilizokufa, viatu visivyo na wenzi. Kabla jua halijatua alikuwa ameshapewa jina: Bi Makorokoro. Alilipokea kwa kicheko.

"Wengine husema natupiwa," alimwambia mama yao. "Mimi nasema naletewa."

Bi Makorokoro alikuwa msanii. Picha zake hazikuwa za ng'ombe wala za milima. Zilikuwa picha za kubandika: alichukua ubao, akapanga juu yake vikorokoro alivyoviokota, akivitazama kwa rangi na umbo tu, bila kutaka vifanane na kitu chochote. Hata hivyo ukisimama mbele ya picha hizo ulihisi kitu. Moja ilikuwa kama kelele za soko, ingawa hapakuwa na soko wala mtu. Nyingine ilikuwa kama mvua inayokuja, ingawa hapakuwa na tone.

Jumamosi moja aliwaita watoto sita wa mtaa. Kila mmoja akapewa kibao cha ukubwa wa daftari, gundi, na ruhusa ya kuchagua chochote maguniani.

Rula alitengeneza nyumba. Ukuta wake ulikuwa wa njiti za kiberiti zilizopangwa kama matofali, paa la vifuniko vya soda, mlango wa zipu. Wenzake walikusanyika kumtazama. "Huyo ndiye Rula bwana," mmoja alisema.

"Kazi safi," Bi Makorokoro alisema. "Nyumba hii imesimama imara."

Kisha akafika kwa Kunguru. Alichuchumaa. Kunguru alikuwa amesukuma vifungo vyeupe zaidi ya ishirini kwenye kona moja, vimebanana vimepandana. Mbali nao, peke yake upande wa pili, kilikaa kile kioo chekundu. Katikati hapakuwa na kitu.

"Ndiyo nini sasa hiyo?" mtoto mmoja aliuliza.

"Si kitu," Kunguru alijibu. "Ila hivi vinaogopa. Hiki hakiogopi."

Bi Makorokoro alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," alisema taratibu. "Ilinichukua mingi kati ya hiyo kujifunza kuacha nafasi wazi kama hii. Wewe nani amekufundisha?"

"Hakuna."

Rula alitazama nyumba yake. Dakika mbili tu zilizopita ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote chumbani humo. Sasa ilionekana kama kazi ya mtoto. Kitu kikamkaba kooni, kama tonge lililokataa kushuka.

Lile tonge halikushuka wiki nzima, na wiki iliyofuata liliongezeka. Zahanati ya mtaa ilikuwa imemwagiza Bi Makorokoro picha kubwa, urefu wa kitanda, ya kuwekwa kwenye chumba ambamo watoto wagonjwa hungoja kuitwa. Aliwaomba ndugu hao wawili wamsaidie.

"Rula, wewe una mkono wa kupima," alisema. "Nichoree mistari ya kuugawa ubao. Bila hiyo mimi napotea. Na wewe Kunguru, kona ya chini kushoto ni yako. Hapo ndipo macho ya mtoto mdogo yanapofika."

Rula alichora mistari. Ilinyooka kama uzi uliovutwa. Kisha akakaa kando na kutazama gundi ikipakwa juu yake, na vikorokoro vya Kunguru vikiifunika mmoja baada ya mwingine, hadi usingejua kama pamewahi kupita mkono wa mtu.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama alikitundika kile kibao cha vifungo juu ya cherehani, na kila mteja alionyeshwa. "Ni ya mdogo huyu. Tisa tu, miaka tisa." Jioni moja Rula alileta mchoro wa jogoo aliouchora kwa siku tatu, unyoya kwa unyoya. Mama aliutazama huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Mzuri," alisema. "Lakini wewe tumeshakuzoea, mwanangu."

Alisema kwa upendo, wala hakuinua macho kuona jinsi maneno yale yalivyotua. Shuleni nako mwalimu wa sanaa alimsimamisha kwenye korido. Rula alidhani anaitwa kuchora kitu. "Nasikia mdogo wako anafanya kazi na msanii," mwalimu alisema. "Hongereni sana. Mwambie aje siku moja atuonyeshe." Rula alitabasamu hadi taya zikamuuma.

Wakati huo muuguzi mkuu wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ya upole, alileta kitambaa cha kijani kwa fundi. Alikuwa anakaribia kustaafu, na siku ya kuagwa ndiyo ile ile ya kuzindua picha. Pamoja na kitambaa alileta bizimu ya shaba, yaani kile chuma cha kufungia mkanda, yenye umbo la jani.

"Hii ilikuwa ya marehemu mama yangu, Fundi," alisema. "Nataka niivae siku hiyo, nione kama na yeye yupo."

"Itakaa mahali pake, dada yangu, usiwe na wasiwasi," mama alimjibu, akaiweka ndani ya kopo la vifungo vikubwa, juu ya rafu.

Ijumaa alasiri mama alikwenda kupeleka sare za mteja. Kunguru alikuwa bombani anachota maji. Bi Makorokoro alikuwa ametoka kununua gundi, na mlango wake ulifungwa kwa komeo tu, kama kawaida. Rula alikuwa peke yake chumba cha mbele, chini ya vile vifungo vyeupe vilivyomkodolea macho kutoka ukutani.

Hakupanga kwa muda mrefu. Alipanda kiti, akachukua kopo, akaitoa bizimu. Alivuka ua, akafungua komeo, akapiga magoti mbele ya ubao mkubwa. Kwenye kona ya Kunguru palikuwa na pengo dogo kati ya vifuniko viwili. Akapaka gundi iliyobaki chupani, akaibana bizimu pale, akahesabu hadi thelathini ili ishike. Alijiambia kuwa hataki Kunguru apigwe. Alitaka tu watu wanyamaze. Wasimsifu, hata kwa siku mbili tatu.

Alipotoka alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Wepesi huo ulimfikisha mlangoni kwao tu. Alipoingia ndani alilirudisha kopo rafuni haraka, akaosha gundi vidoleni.

Jumamosi asubuhi mama alimwaga kopo lote mezani, akarudisha, akamwaga tena. Alifungua droo, akakunjua vitambaa, akapapasa hadi chini ya mkeka. Muuguzi alipokuja kujaribu gauni, mama alimwambia ukweli kwa aibu kubwa.

"Itaonekana tu," muuguzi alisema. "Haina miguu. Hebu kwanza twende tukaione picha yetu, halafu tutarudi kutafuta wote."

Wakavuka ua wote, pamoja na watoto. Muuguzi alifurahia kila pembe ya ubao, akauliza hiki kilitoka wapi na kile kilikuwa nini zamani. Aliposikia kona ya chini ni kazi ya Kunguru, aliinama kwa shida kuitazama karibu. Akaganda hapo.

"Fundi," alisema bila kuinuka. "Njoo uone."

Mama alikuja, akaona. Kisha wote wakamgeukia Kunguru.

"Umeitoa wapi hii?" mama aliuliza.

Kunguru aliitazama bizimu, halafu akatazama mikono yake. "Sijui, Mama."

"Hujui vipi? Iko kwenye kona yako."

Rula alisubiri mdogo wake akatae. Alijua angekataa kwa machozi, na alikuwa ameshaandaa uso wake wa kushangaa. Lakini Kunguru hakukataa.

"Sikumbuki," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ilianguka chini nikaiokota. Mimi huokota, Mama. Labda niliokota bila kujua."

Bi Makorokoro alileta kisu chembamba, akaibandua bizimu polepole. Pamoja na uangalifu wake wote, ulimi wake mdogo wa kushikia mkanda ulikatika. Aliishika kiganjani kwa muda, akaligeukia lile pengo ubaoni, akamtazama Rula mara moja tu. Rula aliinamisha macho.

"Kuanzia leo hukanyagi tena humu," mama alimwambia Kunguru. Hakumpiga. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa fedheha, kwani mali ya fundi cherehani ni uaminifu. Nani atampelekea kitambaa fundi ambaye vitu vya watu vinapotea nyumbani kwake?

Jibu lilikuja Jumatatu. Maneno hayana miguu lakini hutembea, na haya yalikuwa yametembea mtaa mzima. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akisema ameahirisha. Jioni akaja wa pili, akisema safari imeingiliana. Mama aliwakunjia vitambaa vyao vizuri, akawasindikiza hadi nje. Jumatano cherehani ilinyamaza alasiri nzima, na ukimya ule ulikuwa mgeni katika nyumba yao.

Kunguru naye alichukua bati lake la biskuti alimohifadhi vitu vyake vyote, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Rula alimwona kwenye gereji, amesimama mbele ya fundi makanika na kipande kingine cha kioo mkononi.

"Samahani, baba. Hiki ni chenu?"

"Hiyo ni taka, binti. Chukua."

"Ni cha hapa lakini?"

"Kilivunjikia hapa, ndiyo."

Kunguru alikiweka juu ya meza ya makanika, akashukuru, akaenda duka la pili na nusu ya kitana. Siku mbili baadaye bati lilikuwa tupu. Sasa alipotembea aliibana mikono yake kwapani, kama mtu anayesikia baridi, na macho yake hayakushuka barabarani hata kitu kilipong'aa miguuni pake. Safari ya kutoka shule ilichukua dakika ishirini.

Rula alikuwa amepata alichokitaka. Hakuna aliyemtaja tena Kunguru kwa sifa. Kile kibao cha vifungo kilikuwa kimeshushwa ukutani. Jogoo wake alikuwa bado mezani, na akitaka angeweza kumtundika pale pale penye msumari. Hakutaka hata kumwona. Chakula hakikupita. Lile tonge la kooni, badala ya kuyeyuka, lilikuwa limeota mizizi.

Alhamisi, walipokuwa wakitoka shule, Kunguru alimwuliza, "Dada, naweza kukushika mkono?"

"Wa nini? Barabara si tumeshavuka?"

"Ili ukiniona nataka kuokota kitu cha mtu, univute. Mimi mwenyewe sijui ninapookota."

Akatoa mkono mmoja kwapani, akaunyoosha. Rula aliutazama mkono ule mdogo, wenye kucha safi kupita kawaida. Aliushika, na hakuuachia hadi nyumbani.

Mama alikuwa karibu na dirisha, akifumua mshono kwa wembe. Rula alisimama mbele yake bila kuvua mkoba.

"Mama, ile bizimu. Si Kunguru."

Wembe ulisimama.

"Ni mimi. Niliichukua Ijumaa ulipokwenda kupeleka sare. Nikaibandika kwenye kona yake ili ionekane ni yeye. Nilimwonea wivu."

Rula alikuwa tayari kwa kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Mama aliweka wembe mezani. Alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Uani."

"Nenda ukamwambie yeye kwanza. Mimi nimeona aibu wiki moja. Yeye amejiona mwizi wiki moja. Ukimaliza, urudi."

Kunguru alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, uso umekunjamana kama anayefanya hesabu ngumu.

"Kwa hiyo sikuiokota?"

"Hukuiokota."

"Hata bila kujua?"

"Hata bila kujua. Hukuigusa kabisa."

Kunguru alisimama. Akamsukuma dada yake kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, hadi Rula akaanguka matakoni. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, akakimbilia ndani. Siku tano zilizofuata hakumsemesha dada yake hata neno moja, na mama hakumlazimisha.

Jioni hiyo hiyo Rula na mama walikwenda kwa muuguzi. Rula alisema yote mwenyewe, amesimama. Muuguzi alimsikiliza kwa makini kama anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

"Ulimi wa bizimu utaungwa," alisema hatimaye. "Mimi nimepona. Lakini kuna watu wanaoamini kwamba nyumbani kwenu kuna mwizi, na waliamini kwa sababu yako. Hilo siwezi kukutibia. Neno lilitoka kwako, ulirudishe wewe."

Basi Rula akalirudisha. Ilimchukua Ijumaa nzima baada ya shule na Jumamosi asubuhi, mlango kwa mlango, mama akimsubiri barabarani. Mama mmoja alimkaripia hadi majirani wakachungulia. Mwingine alimsikiliza, akafunga mlango bila kujibu. Wa tatu alimtazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa alichokiondoa Jumatatu. "Mpelekee mama yako," alisema. "Mwambie vipimo ni vile vile." Hakuna mlango uliokuwa mwepesi. Wa mwisho ulimwogofya sawa na wa kwanza.

Mwisho kabisa alikwenda kwa Bi Makorokoro, aliyekuwa akisugua kutu kwenye bawaba ya mlango, akamweleza naye yote.

"Nilishuku," msanii alisema. "Mdogo wako hapangi kitu kikanyooka. Bizimu ile ilikuwa imekaa sambamba na ukingo wa ubao, kama dirisha. Mtaa huu una mkono mmoja tu unaoweza kufanya vile."

"Mbona hukusema?"

"Kushuku si kujua. Nikimtuhumu mtoto kwa kushuku tu, nitakuwa nimetofautianaje na wewe? Nilidhani utasema siku ya pili. Hukusema, na mimi nikaendelea kungoja, na yule mdogo akaumia. Ningeweza hata kukuita pembeni tukazungumza. Nilikosea, na mama yako nimeshamwambia hivyo."

Alimnyooshea brashi ya pili na bawaba ya pili. Wakasugua pamoja. Baadaye kidogo alisema, "Kunguru amekataa kurudi. Nimemwomba mara mbili. Anasema mikono yake haitaki."

Uzinduzi ulikuwa umebaki siku nane, na kwenye kona palikuwa na tundu.

Rula hakumbembeleza mdogo wake, kwani alijua hana haki ya kubembeleza. Alichofanya ni hiki: walipotoka shule, kila alipoona kitu cha kuokotwa, alisimama kando yake na kungoja. Jumatatu alisimama mara saba, na Kunguru akampita mara saba. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano, karibu na kibanda cha mama anayeuza chai, kilikuwapo kijiko kilichokanyagwa na gari, kimebapa kama karatasi. Kunguru alimpita Rula hatua mbili. Kisha akageuka.

"Ni cha mtu?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu Alhamisi.

"Tumwulize mwenye kibanda."

Mwenye kibanda alicheka. "Kijiko hicho kimestaafu. Chukueni." Kunguru alitoa mikono kwapani, akakiokota, akakigeuza juani huku amefumba jicho moja. Jumamosi alivuka ua peke yake na kukibandika mahali pa tundu, upande upande, kikiwa kimepinda kuelekea juu.

Siku ya uzinduzi chumba cha kungojea kilijaa watu. Muuguzi alivaa gauni lake la kijani, na kiunoni ilikaa bizimu yenye umbo la jani. Mshono wa kuungia ulionekana ukitazama karibu, naye hakuuficha. Mtoto mmoja mwenye homa, ambaye alikuwa analia tangu mapokezi, aliteremka mapajani kwa mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini, akaanza kupitisha kidole juu ya kijiko kilichobapa. Akanyamaza.

"Kona hii imetengenezwa na nani?" daktari aliuliza.

Watu walitazamana. Kunguru alijificha nyuma ya sketi ya Bi Makorokoro.

"Ni kazi ya mdogo wangu," Rula alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Wote wakapiga makofi wakimtafuta Kunguru kwa macho, na Rula naye akapiga makofi.

Njiani kurudi alitembea kimya kando ya mama, Kunguru akiwa mbele yao. Hatimaye akasema, "Mama, leo walipompigia makofi niliona wivu tena. Kidogo."

Alitegemea mama atakasirika. Mama alipunguza mwendo.

"Afadhali umesema," alisema. "Na mimi nina langu la kusema. Nilikwambia tumeshakuzoea. Jogoo yule ulimchora unyoya kwa unyoya na mimi sikumtazama hata dakika moja. Nisamehe."

Rula hakuwahi kuombwa radhi na mama yake kabla ya siku hiyo.

"Sikiliza, mwanangu," mama aliendelea. "Wivu ni kama pini iliyoanguka sakafuni. Hakuna fundi ambaye hajawahi kuangusha pini. Ukisema, 'Jamani, pini imeanguka,' tunainama wote tunaitafuta, tunaiokota, kazi inaendelea. Ukinyamaza, atakuja mtu asiye na kosa, miguu peku, aikanyage. Kuona wivu hakukukufanya mtu mbaya. Ubaya ulikuja uliponyamaza, ukaipeleka pini mguuni kwa mdogo wako. Kwa hiyo ukiuhisi tena, na utauhisi, uje useme. Hata uwe wivu mdogo wa kuchekesha."

Kunguru, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko walivyodhani, aligeuka nyuma.

"Hata mimi namwonea wivu Dada," alisema. "Nikichora yai linafanana na kiatu."

"Haya, umesema na tumesikia," mama alimjibu. "Mwombe akufundishe."

"Utanifundisha?"

"Nitakufundisha," Rula alisema. "Tuanze na kiatu."